Damu ya Pande Mbili

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye seli nyekundu za damu yake, zilipotazamwa kwa darubini, zilionekana zimepinda kama mundu. Ndiyo asili ya jina selimundu. Barani kwetu watu walikuwa wakiyajua siku nyingi maumivu ya mifupa, macho ya manjano na watoto wanaokufa mapema. Wasichokijua ni mlango ambao ugonjwa hupitia kuingia nyumbani.

Mlango huo ulielezwa mwaka 1949 na James Neel huko Marekani, na E. A. Beet katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kila mmoja kivyake. Kanuni ilikuwa ile aliyoichapisha mtawa Gregor Mendel mwaka 1866 baada ya miaka ya kupandisha njegere. Mtu ana jeni mbili, moja ya baba na moja ya mama, na humpa kila mtoto moja tu kati ya hizo. Mwenye jeni moja ya selimundu kwa kawaida huishi bila kuumwa. Mwenye mbili ndiye mgonjwa. Wazazi wenye jeni mojamoja wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Na kila mimba huanza hesabu upya.

Kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria, hesabu hiyo haikufika. Tulipomzika mdogo wangu, shangazi zetu walisema mama ndiye aliyekuja na damu mbaya. Ushahidi wao ulikuwa mmoja: katika ukoo wa baba, ugonjwa ule haujawahi kuonekana.

Jibu lao lilikuwa limeandikwa zamani. Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alikuwa mwanafunzi wa Oxford alipozunguka Kenya mwaka 1949 akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na karibu na ziwa, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni moja ya selimundu; nyanda za juu, chini ya mmoja kati ya mia. Kama jeni hii inaua watoto, kwa nini isipungue kizazi hadi kizazi mpaka iishe? Allison aliona kwamba ilistawi palepale palipostawi malaria.

Alirudi miaka michache baadaye kuhakikisha. Katika watoto 290 wa Kiganda aliowapima, 43 walikuwa na jeni moja, na kati yao 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, walikutwa navyo 113. Kisha wanaume 30 Waluo walijitolea kuambukizwa malaria. Katika 15 wasio na jeni, 14 walishikwa. Katika 15 wenye nayo, wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Maana yake ni kwamba jeni moja ilimkinga mtoto dhidi ya malaria, akakua, akaoa, akairithisha. Ukoo unaweza kuibeba miaka mia bila kujua, ukijisifu kwa afya njema, mpaka siku wakutane wawili wanaoibeba. Kutoonekana kwa ugonjwa upande wa baba hakukuthibitisha chochote. Huenda hata baadhi ya wazee wa ukoo huo walivuka utoto kwa sababu ya jeni hiyohiyo.

Leo kipimo cha damu kinaweza kuwaonyesha wachumba wanachobeba kabla ya kuzaa, na kinawahusu wote wawili.

Mama alikuwa amezeeka nilipomweleza haya. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Kwa hiyo ilitoka na kwa baba yenu?”

Nikamjibu, “Ndiyo, mama. Isingewezekana vinginevyo.”