Tarehe ya Vyeo vya Jeshi Vilivyoanzia Bagamoyo

Vyeo vya jeshi la nchi hii vilianzia Bagamoyo. Naandika kwa sababu wapo wanaodai vilianzia Dar es Salaam, na watu wa Tabora nao husema bila Wanyamwezi pasingekuwa na askari. Tabora ilitoa wapiganaji wengi na hodari, hilo hatulikatai. Lakini tepe la askari lilivaliwa hapa kwanza.

Hata kabla ya Wajerumani mji huu ulikuwa na daraja zake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Dunda hapa Bagamoyo, alizieleza katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka 1903. Jumbe alikuwa juu, wakamfuatia watu wa vyeo kama waziri, shaha na amiri, na kila cheo kilikuwa na ada yake. Hapakuwa na kilemba cha ujumbe bila kuwalisha wenzako kwanza. Sultani wa Unguja naye aliweka Wabulushi chini ya jemadari wao. Watu wa Mrima, basi, walijua nani humtangulia nani kabla meli ya Mjerumani haijatia nanga.

Mwaka 1889 kamanda Mjerumani Hermann Wissmann alishusha jeshi lake hapa. Kiini chake kilikuwa Wasudani kama 600 alioandikisha Cairo, watu waliokwisha kutumikia jeshi la Misri, pamoja na Washangaani kutoka Msumbiji, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Tarehe 8 Mei walilivamia boma la Bushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, nje ya mji.

Wasudani wale walikuja na vyeo vyao vya Kituruki kutoka Misri, na Wajerumani wakaviacha vilevile. Askari aliyepandishwa alikuwa ombasha, tepe moja jekundu mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Shaushi alivaa mawili, betshaushi matatu, sol manne. Juu yao wote alikaa efendi, ambaye alama zake zilihama mkononi zikakaa mabegani. Ndiye tunayemwita afande hadi leo, kila tunapomwona mwenye sare. Hata hivyo efendi, awe amezeeka vitani namna gani, hakuwa na amri juu ya Mzungu yeyote. Dhuluma hiyo ilidumu, na mbele tutaona ilichozaa.

Makao ya Wajerumani yalikuwa Bagamoyo mpaka 1891, ndipo yakahamia Dar es Salaam. Mwaka huohuo jeshi la Wissmann likafanywa jeshi rasmi la Kaizari. Dar es Salaam ilipokea askari waliokwisha kupangwa, matepe yao yakiwa mikononi. Anayebisha na aanze na tarehe hizi mbili, 1889 na 1891.

Hapa lazima nimtaje Nyundo. Ndilo jina ambalo watu wa pwani walimpa Emil von Zelewski, yule ambaye Agosti 1888 alimdharau liwali wa Pangani na kupandisha bendera ya kampuni ya Kijerumani kwa ubabe, vita vikawaka pwani nzima. Baadaye akapewa jeshi lote, akaenda nalo Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, watu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walimvizia wakamuua pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake, wakachukua bunduki karibu 300. Wazee wa Kihehe husema aliyemchoma mkuki alikuwa kijana mdogo. Leo kambi kubwa kando ya Barabara ya Bagamoyo inaitwa Lugalo. Anayetoka kwetu kwenda Dar es Salaam kwa barabara hiyo hupita mbele ya jina la mahali alipoangukia Nyundo.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliiteka Bagamoyo, Agosti 1916. Katika jeshi lao la King's African Rifles walileta koplo na sajini, na katika miaka ya 1950 wakamrudisha efendi, bado akiwa chini ya afisa Mzungu. Uhuru ukaja 1961 maafisa wakiwa wengi wao Waingereza.

Kambi hiyo ya Lugalo ndiyo iliyoitwa Colito zamani. Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 askari wake waliasi, wakiongozwa na watu wa tepe, akiwamo Sajini Hingo Ilogi. Walitaka mshahara mkubwa zaidi na maafisa Waafrika. Uasi haukuwa halali, na Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza wauzime. Lakini dai la vyeo lilikuwa la haki, na lilikuwa na umri wa miaka 75.

Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, mkuu wake Mrisho Sarakikya, aliyekuwa kapteni siku ya uasi. Mpango wa mkono na bega ukabaki. Koplo usu ana tepe moja, koplo mawili, sajini matatu, kisha sajinitaji na maafisa wateule. Begani luteni usu ana nyota moja, luteni mbili, kapteni tatu, na safari huendelea hadi jenerali. Sajini aliyetumikia miaka 20 humpigia saluti luteni usu aliyetoka chuo cha maafisa cha Monduli jana, kwa sababu saluti ni ya kamisheni aliyotunukiwa na Amiri Jeshi Mkuu. Na amiri, Mtoro alikwisha kumwandika.

Ninawaomba wenye nyumba za zamani za Dunda na mji mzima: kama babu aliacha tepe, medali, picha au cheti cha utumishi, msikitupe. Kipelekeni makumbusho ya Misheni hapa mjini, kiandikwe jina la mwenyewe na cheo chake.