Sindano ya mapafu, kondoo, na mvua ya Ukambani

Wasee wa Wote, Kitui, Mwingi na Kibwezi, leo ni historia, na inaanza na kondoo.

Mwaka wa 1969 huko Auckland, New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa anatafuta kitu kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Akawapa watoto wa kondoo steroidi wakiwa bado tumboni. Wakazaliwa mapema mno, wakati mapafu hayafai kuwa tayari, lakini walikuwa wanapumua! Yeye na mwenzake Ross Howie wakajaribu kwa kina mama 282. Matokeo yalitoka 1972: kati ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliokufa siku za kwanza walikuwa asilimia 3.2 kwa waliopata dawa, na asilimia 15 kwa wasioipata.

Wao walitumia betamethasoni, ndugu wa ile sindano ya deksamethasoni ambayo mama hudungwa uchungu ukimshika mapema. Tunaiita ya mapafu, lakini haiendi kwa mapafu peke yake.

Cheki vile inafanya kazi. Mwili wa mama hutengeneza homoni ya kotisoli, na kondo la nyuma ni kama soja wa geti: linaivunja nyingi kabla haijamfikia mtoto. Deksamethasoni inampita huyo soja. Ikiingia, inaziambia seli ziache kugawanyika zikomae haraka. Kwa mapafu, huo ni uhai. Kwa ubongo ambao bado unajengwa, ni kama kumwambia fundi apige plasta na ukuta haujaisha.

Mwaka wa 2020 watafiti wa Finland walifuata rekodi za watoto zaidi ya 670,000. Kati ya waliozaliwa miezi ikiwa imetimia, matatizo ya akili na tabia yaliandikwa kwa asilimia 8.89 ya wale ambao mama zao walidungwa, na 6.31 ya wengine. Hiyo haithibitishi kwamba sindano ndiyo ilisababisha. Lakini kwa waliozaliwa njiti, hesabu iliposawazishwa, tofauti haikuonekana. Mtoto aliyeihitaji alipata faida. Swali ni yule ambaye hakuihitaji.

Hapo Kenya inaingia. Utafiti uliotoka 2015, uliofanywa nchi sita na yetu ikiwemo, ulisambaza hii sindano mashinani kwa maeneo yenye karibu uzazi 100,000. Vifo vya watoto wachanga vikaongezeka, kama 3.5 zaidi kwa kila 1,000. Wengi waliodungwa hawakuwa wanazaa njiti, kwa sababu wiki za mimba zilikuwa za kukisia. Shirika la Afya Duniani likarudia kwa nchi tano, Kenya tena ndani, safari hii kwa hospitali na wiki zikipimwa kwa ultrasaundi. Matokeo ya 2020: vifo asilimia 19.6 kwa waliodungwa, 23.5 kwa wasiodungwa. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kujua wiki, na huduma ya hospitali.

Sasa rudi huku kwetu. Uliza mama Kyuso ama Ikutha mimba ni ya lini, atakwambia ilishika tukivuna ndengu, ama mvua ya Novemba ikianza. Si ujinga, ndiyo kalenda yetu. Lakini mavuno ya ndengu yanaweza kuchukua wiki nne, na sindano inatakiwa kati ya wiki 24 na 34, wakati kuzaa mapema kunakaribia kweli. Wiki nne zinamhamisha mtoto kutoka kuokolewa hadi kudungwa bure.

Kwa hivyo usisome hii ukamwambia dada yako akatae sindano. Mwambie aende kliniki mapema, apigwe picha kabla ya wiki 24, tarehe iandikwe kwa kitabu. Na wewe kijana uliyempa mimba, bodaboda ya kwenda na pesa ya picha ni zako. Mimi niliacha chuo, sijasomea udaktari, lakini kuhesabu wiki hakuhitaji digrii.