Nguvu za kijana ni za nani? Mwili na moyo wa kijana wa Katanga, kutoka mukanda hadi kambi za Union Minière

Katika Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi, neno mukanda hutumiwa kwa maana ya barua au karatasi yenye maandishi. Katika lugha za Walunda, Wachokwe na Waluvale, neno hilohilo ni jina la jando, yaani kambi ya porini ambamo wavulana hutahiriwa na kufundwa. Mfanano huu wa sauti hauthibitishi kwamba maneno hayo yana asili moja, na isimu hukataza kurukia hitimisho la namna hiyo. Hata hivyo, maana hizo mbili zinasimama kwenye ncha mbili za historia ndefu. Kwenye ncha ya kwanza, kijana alitambuliwa kuwa mwanamume kwa kovu alilolipata mbele ya wazee wake. Kwenye ncha ya pili, alitambuliwa kwa karatasi ya mkataba aliyopewa na kampuni. Katika hali zote mbili walikuwepo watu wazima waliojishughulisha kuuimarisha mwili wake na kuukaza moyo wake. Makala haya yanachunguza swali moja tu: nguvu hizo zilijengwa kwa ajili ya nani?

1. Mukanda: maumivu yenye mashahidi

Mukanda unajulikana katika eneo pana linalounganisha kusini mwa Katanga ya kale, mashariki mwa Angola na kaskazini-magharibi mwa Zambia. Maelezo mashuhuri ni yale ya mwanaanthropolojia Victor Turner, ambaye kati ya 1950 na 1954 alifanya utafiti miongoni mwa Wandembu, Walunda wa upande wa Zambia wanaonasibisha asili yao na dola la Mwata Yamvo. Sura yake juu ya mukanda ilichapishwa mwaka 1967 katika kitabu The Forest of Symbols.

Kinachovutia katika maelezo hayo ni safari fupi ya mvulana kutoka mti hadi mti. Alitahiriwa chini ya mudyi, mti unaotoa utomvu mweupe, ambao kwa Wandembu ni maziwa ya mama. Kisha alipitishwa juu ya muyombu, mti wa mizimu ya ukoo. Mwishowe aliketishwa juu ya gogo la mukula, mti unaotoa utomvu mwekundu unaoganda haraka, akae hapo mpaka damu yake ikatike. Hakuna aliyehitaji kumhutubia. Miti yenyewe ilimwambia kwamba anaondoka mikononi mwa mama, anapita mbele ya wahenga, na kwamba jeraha lake litaganda kama utomvu ule na kupona.

Baada ya hapo vijana walitengwa porini kwa miezi kadhaa. Mama zao walipika chakula lakini hawakuruhusiwa kukanyaga kambini. Vijana waliamshwa mapema, walistahimili baridi na adhabu, walijifunza nyimbo, ngoma na mafumbo, na waliogopeshwa na vinyago vilivyowawakilisha wafu. Kila mvulana alikuwa na mlezi aliyemwangalia kidonda na kumwongoza. Siku ya kurudi nyumbani kambi ilichomwa moto, nao vijana wakapokewa kwa ngoma na vigelegele.

Si busara kuupamba mukanda. Kisu kile kile kilitumika kwa wengi, vidonda vingine vilioza, na wavulana wengine hawakurudi. Asiyepita jandoni alidharauliwa maisha yake yote. Lakini jambo moja linapaswa kuzingatiwa: ustahimilivu haukufundishwa kama mali ya mtu binafsi. Kijana alivumilia akiwa pamoja na wenzake, mbele ya walezi waliowahi kuyapitia yale yale, na alipotoka alirudishwa kwa watu waliomngoja. Maumivu yalikuwa na mashahidi, na nguvu zilikuwa na kwao.

2. Kambi: mwili uliopimwa

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba. Tangu hapo kijana wa Katanga, wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini na baadaye wa Ruanda-Urundi alijikuta akitafutwa kwa sababu mpya kabisa, yaani misuli yake.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya msiba. Homa ya mapafu, kuhara damu na homa ya matumbo viliwaangusha wafanyakazi kwa wingi, na homa ya mafua ya mwaka 1918 ikaongeza makaburi. Wengi walikuwa vijana waliokuja kwa mikataba ya miezi michache, wakalala katika vibanda vilivyosongamana, wakala chakula wasichokizoea, wakafa bila ndugu wa kuwazika. Habari hizo zilifika vijijini kabla ya wasajili wa kazi, na vijana wengi walikimbilia porini walipoona msafara wa wasajili.

Kampuni ilibadilisha siasa yake katika miaka ya 1927 na 1928. Badala ya mikataba mifupi ilianzisha mikataba ya miaka mitatu, ikawahimiza wafanyakazi kuoa na kuishi kambini na familia zao. Msimamizi mkuu wa fikra hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alitoa kitabu kuhusu siasa ya jamii ya Union Minière. Mfanyakazi mpya alichunguzwa na daktari na kupimwa uzito. Posho ilipangwa kwa hesabu ya lishe. Mama wajawazito na watoto wachanga waliangaliwa katika vituo vya kambi, na shule zilikabidhiwa wamisionari Wabenedikto chini ya Jean-Félix de Hemptinne.

Matokeo yalionekana: vifo vilipungua sana, watoto waliongezeka, na kizazi kilichozaliwa kambini kilikua kikiwa na afya ambayo baba zao hawakuijua. Ukweli huu hauwezi kukanwa. Lakini hauwezi pia kutenganishwa na sababu yake. Kijana mgonjwa alikuwa hasara, na mtoto wa kambini alitazamwa kama mfanyakazi wa kesho. Afya yake iliingizwa katika hesabu za kampuni pamoja na makaa ya mawe na vipuri vya mashine. Mlezi wa mukanda aliangalia kidonda ili mvulana arudi kwao. Daktari wa kambi alikiangalia ili kijana arudi kazini.

Wenyeji hawakuwa vipofu mbele ya jambo hilo. Katika miji ya Katanga zilienea hadithi za mutumbula, mtu aliyedaiwa kuwavizia wapita njia usiku na kuwateka ili waliwe na Wazungu. Rik Ceyssens alizichunguza katika utafiti wake wa mwaka 1975. Wakoloni walizicheka kama ushirikina. Msomaji wa leo anaweza kuzisoma kama nadharia ya uchumi iliyosimuliwa kwa lugha ya hofu: kuna mtu anayewanenepesha vijana wetu, na kuna mtu anayewala.

3. Uwanja: mchezo, nidhamu na damu

Nje ya saa za kazi, wakoloni waliogopa kijana asiye na shughuli. Katika miaka ya 1920 vijana wa mjini walikuwa wamejiundia vyama vyao, hasa vya mbeni, ngoma iliyotoka pwani ya Afrika ya Mashariki na kuenea barani baada ya vita vya 1914–1918. Katika mbeni walikuwamo wafalme, magavana na madaktari wa kubuni. Walikuwamo gwaride, sare na michango ya kusaidiana katika ugonjwa na mazishi. Huo ulikuwa mukanda wa mjini uliotungwa na vijana wenyewe: mwili ulinyooshwa kwa gwaride, moyo ulitegemezwa na wenzao. Serikali iliutilia shaka kwa sababu haikuwa na mkono ndani yake.

Wamisionari walipendelea skauti na mpira. Mwaka 1939 Wabenedikto wa Elisabethville waliunda timu ya Saint-Georges, iliyopewa jina la mtakatifu mlinzi wa skauti. Kusudi lilikuwa la malezi: mapafu yapanuke, hasira itulizwe, utii uzoeleke. Timu hiyo baadaye ilichukua jina la Englebert, jina la kampuni ya matairi, na leo ulimwengu unaijua kama Tout Puissant Mazembe.

Lakini uwanja haukubaki kuwa darasa la utii. Mwezi Desemba 1941, wakati gharama za maisha zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika na askari, na askari wakafyatua risasi. Makumi ya wafanyakazi waliuawa, akiwemo karani Léonard Mpoyi aliyewasemea wenzake. Mahali palipotengwa kwa ajili ya kuwajenga vijana ndipo walipoangushwa, mara walipotaka kuzitumia nguvu zao kwa faida yao wenyewe. Hakuna tukio linalolijibu swali la makala haya kwa uwazi zaidi.

Pamoja na hayo, vijana hawakuuacha mpira. Waliuchukua ukawa wao. Mwaka 1967 na mwaka 1968 Englebert ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mara mbili mfululizo. Mwaka 1974 mlindalango Kazadi Mwamba wa Mazembe alikuwa katika timu ya Zaire iliyochukua kombe la mataifa ya Afrika na kuwa ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kushiriki kombe la dunia. Kilichoanzishwa kwa ajili ya kuwatuliza kikawa kitu cha kujivunia, na watoto wa kambini waliona kwa macho yao mwili wa mtu kama wao ukishangiliwa bila kupigiwa hesabu ya tani za shaba.

4. Baba alipoondoka

Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967 na kazi zake zikarithiwa na kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Wafanyakazi waliendelea kuisema kampuni kuwa ni baba na mama. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliliweka neno hilo la baba katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kwa kweli baba huyo alianza kuondoka mapema. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mishahara ikachelewa, posho ikakatika, hospitali zikakosa dawa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Watoto wao wengi walishika sururu. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilimtambua mchimbaji mdogo, na vijana wengi huko Kolwezi na Likasi wakaingia mashimoni kutafuta shaba na kobalti. Kijana huyu ana misuli, na ana moyo wa ujasiri unaomwezesha kuteremka pasipo mwanga. Lakini hakuna daktari wa kumpima wala mlezi wa kumuuguza, na shimo likiporomoka mara nyingi wenzake ndio wa kwanza kumfukua kwa mikono yao. Nguvu zake ni zake kwa jina, ila bei yake hupangwa na mnunuzi.

Hitimisho

Historia hii hairuhusu kuutamani mukanda wa kale kama dawa, wala kuisifu kambi kwa sababu ya posho yake. Mukanda uliua baadhi ya watoto. Kambi iliokoa maisha ya wengi. Inachofundisha ni kwamba afya ya mwili na uthabiti wa moyo havijengwi hewani. Daima yuko anayejenga, na daima ana kusudi. Kijana aliyeketi juu ya gogo la mukula alijua anangojwa na nani. Kijana aliyepandishwa kwenye mizani ya kampuni alijua anahitajiwa na nani. Wacheza mbeni, wagomaji wa 1941 na wachezaji wa mpira walijaribu, kila kundi kwa njia yake, kujibu kwamba nguvu zao ni zao na za wenzao.

Kwa hiyo wanaopanga leo malezi ya vijana, wawe walimu, wazazi, viongozi wa dini au wa michezo, wangefaa kuulizwa swali la zamani kabla ya kuulizwa idadi ya viwanja na zahanati. Kijana huyu akishapata nguvu atarudi kwa nani, na nani atasimama karibu naye mpaka damu ikatike? Mahali ambapo swali hilo halina jibu, mazoezi hutengeneza misuli tu, na misuli haikosi mnunuzi.