Bondia akisema 'niko fiti', ana maana gani?

Siku ya kupima uzito, muulize bondia wa Manzese au Temeke anajisikiaje. Jibu ni lile lile: "Niko fiti." Hakuna anayekiri uchovu mbele ya mpinzani na kamera. Shida inaanza pale kocha na daktari nao wanapopewa jibu hilo hilo.

Hali ya moyo inapimwaje?
Tangu 1971 wanasaikolojia wana dodoso liitwalo Profile of Mood States. Linapima mambo 6: wasiwasi, huzuni, hasira, uchovu, kuchanganyikiwa na uchangamfu.

Mtaalamu wa Marekani, William Morgan, aliona kuwa wanamichezo wanaofanya vizuri huwa na uchangamfu wa juu, huku yale 5 yakiwa chini. Mazoezi yakizidi mapumziko, picha inageuka: uchovu na hasira vinapanda, uchangamfu unashuka.

Uzito nao una yake
Bondia aliyezidi kilo hujinyima chakula na maji, hukimbia juani na sweta nzito. Kwa joto la Dar, mwili unakauka haraka. Usingizi unakatika, hasira zinakuwa za karibu na umakini unapungua. Kibao cha mzani kitasoma vizuri, ila mtu mwenyewe hayuko sawa.

Kwa nini usipuuze?
Desemba 2024, bondia Hassan Mgaya alifariki baada ya pambano Dar es Salaam. Ngumi za kichwa si za kuchukulia poa, maana dalili zinaweza kuchelewa kwa saa au hata siku kadhaa.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Hasira zisizo za kawaida, huzuni, kusahau au usingizi mzito si lazima ziwe stresi za kupoteza pambano. Zinaweza kuwa dalili za ubongo kutikisika. Zikiambatana na kutapika, kuchanganyikiwa au maumivu ya kichwa yanayozidi, wahi hospitali.

Cha kufanya
Kila asubuhi, jipe alama 1 hadi 10 kwa usingizi, uchovu, hasira na hamu ya mazoezi. Andika kwenye simu, mwoneshe kocha. Alama zikibadilika siku kadhaa mfululizo, pumzika na umwone daktari.

Waulize na wa nyumbani pia. Mara nyingi mke au mama ndiye anayegundua mapema kwamba bondia wake amebadilika.