Mathieu Shamavu, gardi wa Virunga aliyepiga picha ikazunguka dunia

Wengi hapa Kivu wamekwisha kuiona ile picha, hata kama hawajui jina la mwenye kuipiga. Mwanaume wa unifomu anajipiga selfi, na nyuma yake kuna gorila wawili. Mmoja amesimama wima sawa mtu anayengojea gari barabarani, tumbo mbele, mikono inaning'inia. Mwingine ameinama kidogo ili na yeye aonekane.

Mwenye telefone ni Mathieu Shamavu, gardi wa Parki ya Taifa ya Virunga. Aliiweka kwenye Facebook mwezi wa nne mwaka 2019, na maneno machache tu: siku nyingine kazini. Siku chache baadaye picha ilikuwa katika magazeti na televisheni za Ulaya, Marekani na Asia. Kuna waliodai ni ya kutengenezwa kwa kompyuta. Parki ilibidi ieleze kwamba ni ya kweli.

Gorila wale ni majike wawili, Ndakasi na Ndeze, na ni yatima. Mwaka 2007, wakiwa na miezi michache tu, mama zao waliuawa kwa risasi. Tarehe 22 mwezi wa saba mwaka ule, katika familia ya Rugendo, waliuawa dume kubwa Senkwekwe na majike watatu. Hawakuuawa juu ya nyama. Nyama iliachwa pale pale porini. Wachunguzi wengi waliyahusisha mauaji yale na biashara ya makala, maana magardi walikuwa wanazuia watu kukata miti ya parki na kuichoma. Picha ya Senkwekwe akibebwa na wanakijiji juu ya miti, sawa mfalme anayepelekwa kaburini, ilipigwa na Brent Stirton wa Afrika Kusini, na ndiyo iliyoamsha dunia.

Ndakasi alikutwa ameng'ang'ania mwili wa mama yake. Usiku wa kwanza, gardi André Bauma alimlaza kifuani mwake ili asife na baridi. Mtoto wa gorila akikaa peke yake hana maisha, anahitaji mwili wa kushikilia. Tangu hapo walezi walikula nao, walicheza nao, walilala nao. Kituo cha Senkwekwe kilifunguliwa pale Rumangabo, teritware ya Rutshuru, kwa ajili ya yatima hao, na hakuna kingine duniani cha gorila wa milimani. Naibu mkurugenzi wa parki, Innocent Mburanumwe, aliambia BBC kwamba wanyama hao wanawaona walezi wao kama wazazi, na kusimama kwa miguu miwili ni kuwaiga.

Kwa hiyo selfi ya Shamavu haikuwa ya kubahatisha. Ilichukua miaka 12 ya kuishi pamoja. Fotografu mgeni, hata mwenye kamera ya bei kubwa, hangeweza kuipata kwa siku mbili.

Parki yenyewe iliona hatari ya watu kuiga. Ilisema wazi kwamba wale ni yatima wa kituo, na kwamba gorila wa porini hawakaribiwi namna ile. Gorila anashika mafua yetu, na mafua yanaweza kumuua. Ndiyo maana mgeni anayepanda mlimani anavaa maski na anasimama mbali.

Picha ilitoka wakati parki inajaribu kusimama tena. Mwezi wa tano 2018, gardi Rachel Masika Baraka aliuawa na watalii wawili Waingereza walitekwa. Wageni wakakatazwa mpaka mwezi wa pili 2019. Mwaka mmoja baada ya selfi, tarehe 24 mwezi wa ine 2020, magardi 12 waliuawa karibu na Rumangabo pamoja na raia. Kwa jumla magardi zaidi ya 200 wamekwisha kufa wakilinda Virunga. Ukijua hivyo, yale maneno "siku nyingine kazini" unayasoma tofauti.

Ndakasi alikufa tarehe 26 mwezi wa tisa 2021, akiwa na miaka 14, baada ya ugonjwa wa muda mrefu. Alikata roho mikononi mwa Bauma, yule yule wa usiku wa kwanza. Stirton alikuwa amerudi, akampiga picha amelaza kichwa kwa mlezi wake, na mwaka 2022 picha hiyo ilipata zawadi huko Uingereza. Lakini habari ya kifo ilipotoka, redio na magazeti mengi yalimtambulisha kwa ile selfi. Yalisema: ni yule gorila wa selfi, na yakaionyesha tena picha ya Shamavu.