Leseni ya Eneo

Mkazi wa Nyamagana, Mwanza, analipia Netflix, anatafuta filamu ambayo nduguye wa London ameitazama jana, haioni. Si kosa la bando wala la simu. Kilichomzuia ni leseni ya eneo: ruhusa ambayo mwenye filamu humpa mwenye jukwaa aionyeshe katika nchi zilizotajwa kwenye mkataba, kwa muda uliotajwa, basi. Jukwaa huitambua nchi uliyopo kwa anwani ya intaneti ya kifaa chako. Ndiyo maana Netflix, ilipoingia Tanzania Januari 2016 pamoja na nchi nyingine zaidi ya 100 kwa siku moja, haikuja na orodha moja kwa wote.

Ni rahisi kuiita leseni ya kikanda, lakini Mwanza jina hilo linapotosha. Kanda kwetu ni Kanda ya Ziwa: Mwanza, Geita, Mara, Kagera, Simiyu na Shinyanga. Leseni haifuati mpaka huo, wala haifuati ziwa; Mwanza, Kisumu na Entebbe wanatumia maji yaleyale, ila orodha zao za filamu zaweza kutofautiana. “Eneo” hupokea mpaka wowote ambao mkataba umeuchora, uwe nchi moja au Afrika yote kusini mwa Sahara.

Wenye vibanda umiza wanalijua jambo hili kwa gharama. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10, wa Sh225.6 bilioni, wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Ligi Kuu ya England nayo huuza haki zake eneo kwa eneo, na huku kwetu ziko DStv. Anayetaka wateja waione Pamba Jiji na Arsenal pia, lazima awe na ving'amuzi viwili.

Mahali filamu ilipopigwa hapabadilishi kitu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, inahusu sangara na watu wa Mwanza, ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Haki zake ni za watayarishaji wa Ulaya, na wao ndio wanaoamua wamuuzie nani na wapi.

Kwa hiyo ninyi mnaopiga filamu Kirumba, Ukerewe na Sengerema, kabla ya kusaini someni kifungu cha eneo. Kikisema “dunia nzima”, hata Mwanza mmeiuza.