Vielezi vya kiwakilishi katika Kiholanzi

Kielezi cha kiwakilishi ni neno la Kiholanzi linaloundwa kwa kuunganisha er, daar, hier au waar na kihusishi. Hutumika pale kihusishi kinapohusu kitu au jambo. Anayemngojea mtu husema ik wacht op hem. Anayengojea jibu hasemi op het, bali ik wacht erop. Kiswahili hutumia na kwa wote, naye kwa mtu na nacho kwa kitu. Kiholanzi sanifu hutenga mtu na kitu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Het hugeuka er, dat huwa daar, dit huwa hier, na wat huwa waar. Kihusishi nacho huhamia nyuma: ermee (nacho), daarvan (ya hicho), hierover (kuhusu hili), waarop (juu ya nini). Viwili hubadilika umbo: met huwa mee, tot huwa toe. Vingine, kama tijdens na sinds, haviungani hivyo.

Ugumu huanza neno linapokatika, na mazungumzo ya kila siku hulikata mara nyingi. Waar denk je aan? ni “Unawaza nini?”, huku waar na aan zikikaa ncha mbili za sentensi. Katika Ik heb er gisteren met mijn zus over gesproken, yaani “Jana nilizungumza na dada yangu kuhusu jambo hilo”, er iko mwanzoni na over inasubiri hadi karibu na kitenzi cha mwisho. Mwanafunzi asiyeisubiri over hupotea njiani, kwa sababu er peke yake ina kazi nyingine kadhaa. Ergens (jambo fulani), nergens (hakuna jambo) na overal (kila jambo) nayo hutumika hivi, lakini huandikwa mbali na kihusishi daima: nergens aan, si neno moja.

Mfumo huu si wa Kiholanzi pekee. Kijerumani kina damit na darauf, na Kiafrikana, kilichotokana na Kiholanzi, kina daarmee na waarvan.

Mpaka kati ya mtu na kitu, hata hivyo, unalegea. Katika mazungumzo wengi husema de vrouw waarmee ik sprak, “mwanamke niliyezungumza naye”, ingawa waarmee ni ya vitu. Anayeandika barua ya kazi au mtihani achague met wie.